Kituo cha kuchaji pikipiki za umeme mbele ya duka lako: mwongozo kwa wafanyabiashara wa Oicha, Beni na Butembo

Barabara ya Taifa namba 4 inapita katikati ya Oicha, na mbele ya maduka yaliyo kando yake kuna parkingi. Pikipiki zimejipanga, wataximani wanasubiri abiria, gunia la kakao linafungwa nyuma ya kiti. Hatua chache kutoka hapo petroli inauzwa kwa chupa, na bei yake haipangwi Oicha. Dola ikipanda, lori likikwama Kasindi au barabara ikifungwa, chupa ile ile inapanda bei kabla ya jioni.

Kwa majirani zetu mambo yameanza kubadilika. Kigali, kampuni ya Ampersand ilianza biashara ya pikipiki za umeme mwaka 2019. Kampala iko kampuni ya Zembo, na Nairobi iko Roam inayounda pikipiki zake pale pale. Mwaka 2023 Kenya iliweka bei maalumu ya umeme wa kuchaji vyombo vya usafiri, na usiku bei hiyo ilikuwa nusu ya ile ya mchana. Mwanzoni mwa 2025 Rwanda iliacha kuandikisha pikipiki mpya za petroli kwa kazi ya kubeba abiria mjini Kigali. Bidhaa nyingi za Beni na Butembo hupita Kampala, Mpondwe na Kasindi, na pikipiki za umeme zitafuata njia hiyo hiyo. Zikifika zitahitaji mahali pa kuchaji, na mahali panapofaa kuliko pengine pote ni mbele ya duka.

Mwongozo huu ni kwa ajili yako, mama au baba mwenye duka, depo au alimentasio, mwenye uwanja mdogo mbele ya mlango na mwenye nia ya kuanza. Shika neno moja tangu mwanzo: anza na umeme ulio nao, usianze na mashine unayoitamani. Waliofanya kinyume walinunua vyombo vya bei kubwa ambavyo umeme wao haukuweza kuvilisha.

Kwa nini dukani, na kwa nini Oicha

Betri ya kawaida ya pikipiki ya umeme katika ukanda wetu huhifadhi kilowati-saa 2 hadi 3.5. Kwenye lami na mzigo wa kadiri, betri ya kilowati-saa 3 humfikisha dereva kilomita 80 hivi. Kwenye tope, na abiria wawili, mpe kilomita 55 hadi 65.

Sasa tazama barabara zetu. Kutoka Beni mjini hadi Oicha ni kilomita kama 30. Kwenda na kurudi ni 60, yaani betri nzima. Taximani wa Beni hatakubali kuja Oicha kwa pikipiki ya umeme kama hana hakika ya kupata chaji huku. Kutoka Beni hadi Butembo ni kilomita zaidi ya 50, tena ni kupanda: Butembo iko juu ya Beni kwa zaidi ya mita 500. Mwinuko huo peke yake hula karibu nusu kilowati-saa kwa pikipiki yenye abiria. Anayepanda atafika na betri iliyochoka, na kurudi kunamtaka achaji. Kwa hiyo kituo kimoja Oicha, kimoja Beni na kimoja Butembo vingeifungua njia yote.

Sababu ya pili ni muda. Tangi la petroli hujazwa kwa dakika mbili, lakini betri hutaka saa tatu hadi tano kwa chaja ya kawaida. Dereva hawezi kukaa saa nne porini. Dukani kuna kivuli, kuna chai, kuna watu wa kuongea nao, na abiria wa safari fupi hupita hapo hapo. Wewe nawe unapata mteja aliyetulia mbele ya bidhaa zako. Nchi nyingi zimeona hivyo: vituo vingi vya kuchaji huwekwa kwenye uwanja wa maduka makubwa, maana mtu akinunua, chombo chake kinakula umeme.

Hatua ya kwanza: ujue umeme wako

Kabla hujaongea na fundi yeyote, jibu maswali matatu. Umeme wako unatoka wapi? Unapatikana saa ngapi kwa siku? Unakugharimu kiasi gani kwa kilowati-saa moja?

*Kama una laini ya kampuni.* Eneo letu lina historia ya kujivunia. Mwaka 2013 kituo kidogo cha maji cha Mutwanga, chini ya mlima Rwenzori, kilianza kutoa umeme kupitia mradi wa Hifadhi ya Virunga. Mwaka 2017 Beni ilipata gridi ndogo ya umeme wa jua ya kampuni inayoitwa leo Nuru, yenye kilowati 55 hivi, mojawapo ya za kwanza za aina hiyo nchini. Ukiwa kwenye laini, andika kwa wiki mbili kila saa umeme unapokuja na unapokatika. Pima pia nguvu yake jioni watu wote wanapowasha taa: ikiwa volti 220 zinashuka hadi 170, chaja nyingi zitagoma au zitaungua. Mwisho, iulize kampuni laini yako inaruhusiwa kuvuta ampea ngapi.

*Kama una paneli za jua.* Angalia wati za paneli zako, ukubwa wa inveta na umri wa betri za akiba. Mfumo uliowekwa kwa ajili ya taa, redio na friji ndogo hauwezi kubeba pikipiki juu yake bila kuongezwa.

*Kama una jenereta ya petroli.* Hapa nakuomba usimame. Jenereta ndogo hula nusu lita na zaidi ya petroli ili kutoa kilowati-saa moja, na pikipiki ya kawaida ingetumia karibu petroli hiyo hiyo kwenda umbali ule ule. Ukichaji pikipiki ya umeme kwa jenereta ya petroli, umerudi pale pale kwa gharama kubwa zaidi, na kelele juu. Jenereta iwe ya dharura tu.

Hatua ya pili: piga hesabu ya betri moja

Juu ya betri utaona maandishi kama 72V 40Ah. Zidisha namba hizo mbili: 72 mara 40 ni wati-saa 2,880, yaani kilowati-saa 2.9. Chaja hupoteza kidogo kwa joto, sehemu moja katika kumi au zaidi kidogo, kwa hiyo konteri yako itasoma kama 3.3 kwa betri iliyokuwa tupu kabisa.

Chaja ya ampea 10 kwa betri hiyo huvuta wati 800 na kitu. Ya ampea 5 huvuta nusu yake na huchukua muda mara mbili. Wenye pikipiki watataka ya haraka. Wewe, hasa ukiwa kwenye jua, pendelea ya polepole. Umeme wako utatosha wateja wengi zaidi, waya hazitapata joto, na betri ya mteja itaishi miaka mingi zaidi.

Jambo jingine muhimu: uza prizi, usiuze chaja. Betri za volti 60 na za volti 72 hazitumii chaja moja, na hata mbili za volti 72 zinaweza kutofautiana kwa madini yaliyo ndani yake na kwa volti ya kumalizia chaji. Chaja isiyo yake inaweza kuiua betri au kuiwasha moto. Kila taximani aje na chaja aliyouziwa pamoja na pikipiki yake. Wewe mpe umeme safi, kivuli na ulinzi.

Utasikia pia habari za kubadilisha betri: dereva anaacha iliyokwisha, anachukua iliyojaa na kuondoka kwa dakika chache. Ndivyo zinavyofanya kampuni za Ampersand, Zembo na Spiro. Ni njia nzuri sana, lakini inataka kampuni moja imiliki betri zote, zifanane, na zifuatiliwe kila siku. Usijaribu kuianza peke yako kwa betri za kuokoteza. Kampuni kama hiyo ikija siku moja, duka lenye umeme wa uhakika, waya nzuri na daftari safi ndilo litakalochaguliwa kuwa wakala.

Hatua ya tatu: anza na simu

Simu ya kawaida yenye betri ya mAh 5,000 hubeba wati-saa 19 hivi. Ukiongeza kinachopotea njiani, kilowati-saa moja hujaza simu karibu 40. Kilowati-saa hiyo hiyo kwenye pikipiki ni kama kilomita 25 tu.

Chukua bei unayotoza kwa simu moja, izidishe kwa 40, kisha ulinganishe na kile ambacho taximani angekubali kulipa kwa kilowati-saa moja. Utaona kwamba simu zinalipa mara nyingi zaidi. Kwa hiyo kituo kinachopangwa vizuri hukua kwa ngazi:

1. Miezi ya kwanza: simu, taa za kuchaji, redio na mashine za kunyolea. Fedha hii iwekwe kando kwa ajili ya paneli na waya.
2. Baadaye: prizi mbili za pikipiki, wakati wa mchana tu.
3. Ukiona wateja wanasubiriana: prizi ya tatu na ya nne.

Usitupe kazi ya simu ukianza pikipiki. Ndiyo inayokulipia siku ambazo hakuna pikipiki hata moja iliyokuja.

Hatua ya nne: paneli ngapi?

Oicha iko karibu kabisa na ikweta, jua lake ni zuri, ila mawingu ya msituni na ya Rwenzori hulipunguza. Kwa hesabu ya tahadhari, paneli ya wati 400 hukupa kama kilowati-saa 1.2 hadi 1.3 kwa siku baada ya kutoa hasara za njiani. Betri moja tupu ya pikipiki inataka 3.3. Basi weka paneli tatu kwa kila pikipiki unayotaka kuijaza kwa siku. Pikipiki mbili, paneli sita. Nne, paneli kumi hadi kumi na mbili.

Katika miezi ya mvua, yaani Machi hadi Mei na tena kuanzia Agosti hadi Novemba, tarajia siku ambazo utapata nusu ya hiyo. Waambie wateja mapema. Taximani anayejua kwamba leo utampa nusu betri atapanga safari zake. Asiyeambiwa atakwama njiani kuelekea Mbau, na hatarudi kwako.

Kinachokula fedha zaidi katika mfumo wa jua ni betri za akiba, kwa hiyo chaji pikipiki jua likiwapo: kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri. Umeme utoke kwenye paneli uingie kwenye pikipiki moja kwa moja kupitia inveta, akiba iwe ndogo ya kusawazisha wingu linapopita. Hilo linakubaliana vizuri na kazi ya taximani, ambaye abiria wake wengi ni wa asubuhi na jioni. Mchana soko likipoa, pikipiki inapumzika kwenye kivuli chako.

Paneli zielekezwe juu na mwinamo mdogo tu, kiasi cha maji ya mvua kutiririka na kuosha vumbi. Zifungwe kwa boliti ambazo fundi wako anaweza kuzifungua haraka, na baadaye utaona sababu.

Hatua ya tano: waya, tera na radi

Hapa ndipo maduka mengi huungua, na hapa ndipo nakusihi usibane fedha.

Kila prizi ya pikipiki iwe na laini yake kutoka kwenye sanduku la umeme, waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, na disjonkta yake ya ampea 16. Kama umbali kutoka sanduku hadi prizi unazidi mita 20, panda hadi waya wa 4. Mwombe muuzaji akate kipande cha waya mbele yako: kwaruza kwa kisu uone kama ni shaba tupu au alumini iliyopakwa rangi ya shaba. Alumini iliyopakwa hupata joto, hulegea kwenye skrubu, kisha hutoa cheche.

Usikubali ralonji. Nyaya ndefu za kuunganisha zinazopita chini ya mlango, zikikanyagwa na kulowa, zimetengenezwa kwa taa na simu. Chaja mbili za pikipiki kwa saa nne zitaziyeyusha.

Mbele ya laini zote weka disjonkta ya kulinda watu, ile yenye alama ya 30 mA. Kazi yake ni kukata umeme mara tu sehemu yake inapopita mahali pasipofaa, mathalani kwenye mwili wa mtu aliyeshika pikipiki iliyolowa. Ina kitufe kidogo cha kujaribia. Kibonyeze kila mwezi mbele ya kijana wako wa kazi. Isipokata, ibadilishwe siku hiyo hiyo.

Tera ni lazima. Fimbo ya shaba ya mita moja na nusu au mbili izamishwe kwenye udongo unaoshika unyevu, iunganishwe kwa waya imara na prizi zote na fremu za paneli. Mashariki mwa Kongo ni kati ya sehemu zinazopigwa na radi nyingi zaidi duniani, na mabati yenye paneli juu yake yako hatarini. Weka pia kifaa cha kuzuia mshtuko wa radi kwenye laini ya paneli na kwenye laini ya prizi. Wingu jeusi likikaribia, kata, chomoa chaja, na wateja wasubiri. Hakuna fedha ya chaji inayolingana na uhai wa mtu au inveta iliyoungua.

Baada ya saa moja ya kuchaji, mwambie fundi aguse prizi na plagi kwa mgongo wa mkono. Vuguvugu ni sawa. Ikiwa mkono hauvumilii, kuna muunganisho uliolegea, na usiuze umeme hapo mpaka utengenezwe.

Hatua ya sita: mahali penyewe

Tafuta upande wa duka wenye kivuli, paa la mabati lenye mwinuko wa kutosha upepo kupita, na sakafu ya saruji iliyoinuka kidogo ili maji ya mvua yasisimame. Prizi ziwe za aina yenye kifuniko, zifungwe ukutani kwa urefu wa kifua, mbali na mikono ya watoto na matone ya tope.

Petroli iwe mbali. Kama jirani yako ni kadhafi anayeuza mafuta kwa chupa, au wewe mwenyewe una madumu ndani ya stoo, kituo kisiwe upande huo. Acha angalau mita 10, na zaidi ikiwezekana. Mvuke wa petroli hutambaa chini, na cheche ndogo ya plagi inatosha.

Betri zisichajiwe ndani ya chumba unacholala, wala mbele ya mlango pekee wa kutokea. Betri ya lithiamu ikiharibika inaweza kuvimba, kutoa harufu kali tamu-tamu na moshi mweupe, kisha kuwaka ghafla. Fundisha kila anayefanya kazi dukani mpangilio huu:

- Kata umeme kwanza kwenye sanduku.
- Ondoa watu, wasivute moshi ule, ni sumu.
- Kama haijawaka, sogeza pikipiki nje mahali wazi.
- Ikiwaka, kwa kuwa umeme umekatwa, mwagia maji mengi kutoka mbali na uendelee muda mrefu, kwa sababu betri huwaka tena hata ikionekana imezima.

Pipa la maji la lita 200 na ndoo mbili viwe hapo daima, visiazimwe kwa kazi nyingine.

Pikipiki ikifika imetoka kwenye mwendo mrefu, ipumzike dakika 15 hadi 20 kabla ya kuchomekwa. Betri iliyoanguka, iliyozama kwenye mto au iliyovimba isipokelewe, hata kama mwenyewe ni rafiki. Kumkatalia ni kumlinda yeye pia.

Hatua ya saba: bei na daftari

Usitoze kwa saa. Anayekuja na betri nusu na anayekuja na betri tupu hawalipi sawa, na ugomvi utaanza siku ya kwanza. Weka konteri ndogo kwenye kila prizi, zinauzwa kwa mafundi wa umeme, na toza kwa kilowati-saa.

Bei gani? Tumia kanuni hii. Pikipiki ya petroli hutumia kama lita 2 kwa kilomita 100. Ya umeme hutumia kilowati-saa 3 hadi 4 kwa umbali huo. Kwa hiyo kilowati-saa moja inafanya kazi ya petroli karibu nusu lita. Angalia bei ya chupa ya leo. Ukiuza kilowati-saa kwa bei ya nusu lita, taximani hapati faida yoyote kwenye nishati, na hatakuja. Ukiuza kwa bei ya robo lita, gharama yake inashuka nusu. Tafuta bei yako kati ya gharama yako halisi na robo hiyo, ukikumbuka kwamba paneli, inveta na betri za akiba zitachakaa na kununuliwa tena. Kama gharama yako ya kilowati-saa inazidi robo lita, hujafikia wakati wa pikipiki. Endelea na simu.

Daftari liwe wazi juu ya meza, kila mteja aone mstari wake. Mfano: *Jumanne, pikipiki namba 7, konteri mwanzo 118.2, mwisho 120.9, ametumia 2.7, amelipa Airtel Money.* Mteja asome konteri pamoja nawe anapochomeka na anapochomoa. M-Pesa, Airtel Money na Orange Money zinakupunguzia fedha taslimu mkononi, jambo jema kwa usalama wako. Mkopo wa umeme usitolewe bila sahihi.

Kila mwisho wa mwezi linganisha jumla ya konteri ndogo na konteri kubwa, au na usomaji wa inveta. Tofauti kubwa inamaanisha waya mbovu au mkono wa mtu.

Hatua ya nane: watu na karatasi

Ongea na chama cha wataximani wa parkingi yako kabla ya kununua chochote. Waulize wangapi wanafikiria pikipiki ya umeme, wanakwenda wapi kila siku, wanapumzika saa ngapi. Wao ndio watakaolinda kituo au watakaokikimbia. Wekeni sheria pamoja: nani anachaji kwanza, mgonjwa wa kupelekwa hospitali anapewa kipaumbele vipi, pikipiki iliyojaa iondolewe baada ya muda gani.

Kwa upande wa serikali, Sheria namba 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014 ilifungua sekta ya umeme kwa watu binafsi na kuanzisha mamlaka ya usimamizi, ARE. Jitambulishe kwenye ofisi ya komini, ueleze unachofanya, na uulize kodi na vibali vinavyohusu kuuza umeme. Kama uko kwenye laini ya kampuni, pata idhini yao kwa maandishi. Vifaa vinavyopita Kasindi viwe na karatasi za forodha na za ofisi ya ukaguzi wa bidhaa, OCC. Bila karatasi hizo huna mahali pa kudai kifaa kikiwa kibovu. Wafanyabiashara wa Beni na Butembo wana chama chao, FEC. Kuagiza paneli na waya kwa pamoja kupitia chama hupunguza gharama ya usafiri kuliko kila mtu kuagiza peke yake.

Magari je?

Utaulizwa. Gari la umeme hubeba kilowati-saa 40 hadi 60 na zaidi, mara kumi na tano hadi ishirini ya pikipiki. Mashine ya haraka kama zile za Ulaya huvuta kilowati 50 kwa gari moja, karibu nguvu yote ya kituo kile cha jua cha Beni cha 2017. Kwa sasa Oicha haina sababu ya kuwekeza huko. Ila ukijenga banda, acha nafasi ya gari moja na bomba tupu la plastiki chini ya saruji ambamo waya mnene unaweza kupita siku za mbele. Bomba lile ni bei ndogo leo, na litakuepusha kuvunja sakafu kesho.

Usalama wa mji wetu

Oicha imeteseka. Watu wameuawa, familia zimehama zaidi ya mara moja, barabara ya Eringeti imefungwa mara nyingi. Mwongozo usiosema hivyo haukuandikwa kwa ajili ya watu wa hapa.

Kwa hiyo fanya kazi mchana, na ufunge kabla ya saa zinazokatazwa na viongozi. Usiwe na taa kubwa na kundi la watu usiku. Inveta na konteri viwe kwenye sanduku moja linalofunguliwa kwa dakika chache, na paneli kwa boliti zile nilizotaja, ili mkilazimika kuondoka mali isibaki yote. Weka picha za vifaa na risiti kwenye simu na kwa ndugu aliye mji mwingine.

Na jambo hili nalisema kwa moyo wote: siku za wasiwasi, watu wanapokimbia, chaji simu bure. Simu yenye chaji ndiyo inayomkutanisha mama na watoto wake waliotawanyika. Mtu hatasahau duka lililomfanyia hivyo.

Wiki hii fanya haya

Hesabu pikipiki zinazosimama mbele ya duka lako mchana. Andika saa za umeme wako kila siku. Piga hesabu ya gharama yako ya kilowati-saa moja na uilinganishe na robo lita ya petroli. Mwite fundi mmoja unayemwamini aangalie tera yako, maana hata bila pikipiki inalinda nyumba.

Nchi yetu ndiyo inayochimba zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, madini ambayo betri nyingi za magari ya umeme huyategemea. Si haki Mkongo abaki kuwa mchimbaji tu, akitazama wengine wakiendesha. Kituo cha prizi mbili mbele ya duka la Oicha ni kitu kidogo, lakini kinawezekana kwa waya nzuri, paneli sita na daftari la kweli. Anza na simu, pima kila kitu, na usiunganishe waya hata mmoja kabla tera haijawekwa.